Nyumba ya Chuno imepakwa rangi mpya: nilipe kishika nafasi au nisubiri?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini, huu ni mwaka wa sita, na nimechoka kupanga. Dalali amenionyesha nyumba ya vyumba vitatu maeneo ya Chuno, bei milioni 42, maongezi yapo. Imepakwa rangi ndani na nje, inapendeza kweli. Juu ya mlango wa chumba cha nyuma niliona ufa, muuzaji akaniambia ni plasta tu. Ndani kuna wapangaji wawili. Karatasi yake ni ofa yenye jina la marehemu baba yao. Anayeuza ni mtoto mkubwa, na ana barua ya kikao cha familia iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, kwa hiyo upande wa karatasi sina wasiwasi. Wanataka kishika nafasi milioni 5 wiki hii, maana kuna mtu wa Dar anaitaka, na dalali anasema minada ya korosho ikianza bei itapanda. Nilipe? Na ni dalili zipi mbaya natakiwa kuziangalia nisije nikaingia mkenge?

Jibu: Mwalimu, usilipe wiki hii. Nyumba yenyewe sijaiona, na huenda ni nzuri. Ila nilivyosoma barua yako, umeogopa kinachorekebishika na umepumzikia kinachoweza kukutoa ndani ya nyumba. Ufa ule tutauzungumza, una dawa. Hiyo barua yenye mhuri ndiyo iliyonifanya niache chai ikapoa.

Nianze nayo. Kikao cha familia hakimpi mtu yeyote mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Kazi yake ni moja, kupendekeza jina. Jina hilo linapelekwa mahakamani, kwa familia nyingi za huku ni Mahakama ya Mwanzo. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, siku zikipita bila pingamizi mahakama inamteua msimamizi wa mirathi na kumpa hati ya uteuzi, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la Fomu Namba 4. Huyo sasa ndiye unayeweza kukaa naye mezani. Mwenyekiti wa mtaa aliyegonga mhuri amethibitisha kwamba anawafahamu waliokaa kikao, basi. Hajathibitisha kwamba nyumba ni yao, wala kwamba waliokaa ndio warithi wote.

Hapo kwenye "wote" ndipo nyumba nyingi za Kusini zinapoponza wanunuzi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo mgeni haioni kwenye karatasi. Marehemu huyo huyo anaweza kuwa Mwislamu mwenye wake wawili, na mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Sasa utakuta kikao wamekaa watoto wa mke mkubwa peke yao, mke mdogo yuko Newala hana habari, na kuna mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye haki yake haiwezi kusainiwa na kaka yake aliyeshikwa na njaa. Wewe umeshahamia, umeweka vigae, umepanda mchongoma. Ndipo anakuja mama mmoja na begi, na mwanasheria. Mdai wa ardhi ana miaka 12 kisheria kufungua shauri, kwa hiyo usidhani mwaka mmoja ukipita kimya mambo yamekwisha.

Muombe muuzaji, kwa heshima kabisa, nakala ya hati ya uteuzi. Usitosheke na picha ya kwenye simu. Chukua namba ya shauri, nenda mahakama iliyoandikwa pale, ukamuulize karani kama jalada lipo na kama msimamizi ni huyo huyo. Hata likiwepo, sisitiza kwamba warithi wote watu wazima wasaini mkataba wa mauziano, wajane wakiwemo, na kama kuna mtoto mdogo, wakili wako aeleze kwa maandishi sehemu yake inalindwaje. Muuzaji mkweli atachoka, atalalamika, lakini ataleta. Asiye mkweli atakuambia wewe mwalimu una maswali mengi.

(Nyumba ingekuwa ya mtu aliye hai, swali langu la kwanza lingekuwa: mkewe yuko wapi? Au mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. "Tumeachana" si jibu mpaka uone talaka, na uone pia mali ziligawanywaje.)

Halafu ofa. Ofa ni barua ya toleo: serikali ilimpa marehemu kiwanja kwa masharti, alipe ada, aendeleze, alipe pango la ardhi kila mwaka. Haijawa hati miliki. Inawezekana alikamilisha kila kitu akaishia tu kutofuatilia hati, na inawezekana hakulipa hata senti. Nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani na namba ya kiwanja na kitalu, uone jalada linasemaje: jina la nani, deni la pango kiasi gani, kuna zuio lolote. Nyumba yenye hati unaifanyia upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, na majibu yatakuonyesha kama imewekwa rehani benki au kuna mtu ameweka zuio. Upekuzi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na milioni 42, na bado nimeona watu wazima, wenye magari, wakiukwepa kwa sababu dalali ni jamaa yao wa msikitini.

Ukitoka huko, tafuta mpima akuonyeshe bikoni, yaani mawe ya mipaka, za kiwanja hicho zilipo chini. Usikubali kuonyeshwa na muuzaji kwa kidole. Nimewahi kukagua nyumba nzuri tu ambayo karatasi zake zilikuwa halali kabisa, isipokuwa zilikuwa za kiwanja cha pili yake. Jirani wawili walijenga kwa kubadilishana bila kujua, wakaishi vizuri miaka na miaka, mpaka mmoja alipotaka kuuza.

Mpima huyo huyo atakuambia kama ukuta umeingia hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande, na alama ya X nyekundu hufutika kwa brashi moja ya rangi, sheria haifutiki. Wewe uko Chuno, lakini kwa anayesoma hapa akiota nyumba ya ufukweni Shangani au Mikindani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Na anayetafuta upande wa Madimba aulize mkuza wa bomba la gesi, ule ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, unapita wapi kabla hajauliza bei.

Sasa tuingie ndani.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na rangi mpya ndiyo maana hasa ya methali hiyo. Kupaka rangi nyumba unayoiuza si kosa, hata mimi ningepaka. Angalia imepakwaje. Nyumba nzima ikiwa na rangi moja ya siku moja, huyo ametafuta mvuto wa biashara. Ukiona chumba kimoja kimepakwa mara tatu na vingine mara moja, au ukuta mmoja una rangi ya mafuta mpaka kiunoni wakati kuta nyingine zina rangi ya maji, simama hapo. Rangi ya mafuta hapa pwani hupendwa na mtu anayezuia chumvi isionekane. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya chini, karibu na sakafu. Gonga kwa sarafu ya shilingi mia mbili kuanzia chini kwenda juu. Mahali plasta imeachia ukuta utasikia mlio mtupu kama wa nazi isiyo na maji.

Chumvi ndiyo ugonjwa wa mji wetu. Inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu fundi hakulaza nailoni juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta. Maji hupanda, yakikauka huacha unga mweupe, na plasta inamenyeka mpaka usawa wa goti au kiuno. Unga huo unafutika asubuhi muuzaji akijua unakuja, ila kwenye kona nyuma ya kabati huwa unasahaulika. Njia ya pili ni mbaya zaidi: mchanga wa bahari uliotumika kwenye tofali na zege. Chumvi iliyo ndani ya zege inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo tazama chini ya kibaraza, chini ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kwenye nguzo za mbele. Ukiona mstari mrefu wa ufa unaofuata njia ya nondo, umetoa rangi ya kahawia kama chai, au kipande cha zege kimedondoka na nondo inachungulia, hilo halizibwi kwa saruji. Linabomolewa na kujengwa upya. Unyevu wa chini unaweza kuupunguza kwa kazi ya fundi wa kawaida. Nondo iliyooza ndani ya nguzo inakupa sababu ya kuaga.

Mtwara tuna aina ya nyumba inayostahili jicho la pekee. Mnakumbuka miaka ile ya joto la gesi, tuseme 2011 hadi 2014, watu walivyokimbilia kujenga wakitegemea wapangaji wa makampuni. Upepo ulipogeuka nyumba nyingi ziliishia kwenye lenta. Zilikaa magofu, mvua za misimu kadhaa zikinyesha juu ya kuta zisizo na paa, nondo zimesimama hewani zinakula upepo wa bahari. Baadaye zikaezekwa, zikapigwa plasta na rangi, zikapata wapangaji. Kwa macho ni nyumba ya juzi. Ukimuuliza jirani anayeuza vitumbua pale nje, atakuambia, "Hii? Hii ilikuwa gofu, watoto wetu walikuwa wanachezea humo." Uliza swali hilo Chuno. Gofu si lazima liwe baya, ila utakagua nguzo na lenta zake kwa ukali zaidi.

Ufa wako juu ya mlango. "Ni plasta tu" inaweza kuwa kweli. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika kama ramani ya mito, ni plasta iliyokauka haraka juani bila kumwagiliwa maji. Hizo achana nazo. Wewe hukuniambia wako umeelekea wapi, kwa hiyo rudi ukautazame. Umelala mlalo juu ya fremu? Huenda lenta ni fupi au haina nondo ya kutosha. Umepanda kwa mshazari kutoka kwenye kona ya mlango kuelekea dari, na juu ni mpana kuliko chini? Hapo upande mmoja wa nyumba unakaa chini, msingi unashuka. Toka nje uone kama na huko upo mahali hapo hapo, maana ufa unaoonekana pande zote mbili umepita tofali, haujaishia kwenye plasta. Tazama pia kama umeshawahi kuzibwa: mstari wa saruji laini ndani ya rangi, halafu umefunguka tena katikati. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wauzaji wengine wameielewa kwamba ukiziba kwa rangi umemaliza. Ufa uliozibwa ukarudi unakuambia nyumba bado inatembea.

Msaidizi wako ni milango. Ifungue na kuifunga yote mwenyewe. Mlango unaokwama juu, au ambao ubao wake umepunguzwa kidogo kwa randa ili ufunge, fremu yake imepinda. Laza chupa ya maji iliyojaa sakafuni ndani ya kila chumba. Ikibiringika yenyewe kuelekea kona ile ile yenye ufa, umeshapata maelezo.

Sababu ya kushuka kwa misingi hapa mjini mara nyingi haiko mbali. Udongo wetu sehemu nyingi ni mchanga, unabeba nyumba vizuri ukiwa umetulia, lakini maji ya paa yakidondokea mguuni mwa ukuta mwaka hadi mwaka bila gata wala njia ya kuyapeleka mbali, yanauchota kidogo kidogo. Zunguka nje. Ukiona mfereji uliochimbwa na matone, na msingi umeachwa wazi kama fizi iliyorudi nyuma, ufa wa chumba cha nyuma umejieleza. Habari njema ni kwamba hilo lina tiba likigundulika mapema, na linapunguza bei.

Kitu kingine ambacho vitabu vya ujenzi havikiandiki: uliza choo cha zamani kilikuwa wapi. Familia huanza na vyumba viwili na choo cha shimo uani, miaka ikipita wanaongeza vyumba kwenda nyuma, shimo linafukiwa kwa taka na mchanga, chumba kinapanda juu yake. Wewe ufa wako uko chumba cha nyuma. Gonga sakafu ya chumba hicho kwa kisigino, sikiliza, tazama kama saruji yake ina rangi tofauti au ina kiraka cha mviringo. Muulize mzee yeyote wa mtaa, wanakumbuka vyoo kuliko wanavyokumbuka harusi.

Paa sitalimaliza hapa, ila usikubali kulitazama kwa chini tu. Mlete fundi kijana apande darini na tochi. Atafute mistari ya udongo ya mchwa kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, achome mbao kwa bisibisi aone kama inaingia kama kwenye muhogo uliochemka. Aangalie pia kama mbao inayolala juu ya ukuta imefungwa kwa waya au nondo kutoka kwenye lenta, au imekaa tu kwa uzito wake. Tulio pwani hii tunajua kwa nini. Wazee wa Lindi wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952, na Hidaya ya Mei 2024 tuliiona wenyewe ilivyokata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Kuhusu bati, dalali atakuambia "hii ni geji 32" kama anakusifia. Namba ikipanda bati linakonda. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Karibu na bahari bati jembamba halichukui muda kutoboka misumarini.

Sasa nikukiri jambo. Nyumba yangu ya kwanza niliinunua Lindi, kwenye mteremko, mwezi wa tisa, na nilikuwa nimeshafanya ukaguzi wa nyumba za wengine miaka kadhaa. Nilipoingia sebuleni nikaona kabati la mpangaji limesimama juu ya matofali manne, na kitanda vivyo hivyo. Nikajisemea, huyu mama anaogopa mchwa, mwangalifu kweli. Januari mvua zilipokolea nilijua matofali yale yalikuwa ya nini. Maji yalitoka mlimani yakaingia mlango wa uani, yakatoka mlango wa mbele, kama yanapita njia yake ya siku zote. Na ilikuwa njia yake. Mwenye nyumba wa zamani aliijua, mpangaji aliijua, mimi mtaalamu ndiye sikuuliza.

Ndiyo maana nakuambia umeiona nyumba hiyo katika msimu wake wa kupendeza. Kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kati ya Juni na Oktoba kila nyumba ni kavu, kila ua ni msafi, kila shimo la choo limetulia. Ukiweza kuvuta mazungumzo mpaka mvua tatu nne za kwanza zinyeshe, vuta. Kama huwezi, tafuta alama zilizobaki: mstari wa tope nje ya ukuta, sehemu ya chini ya milango ya mbao iliyooza au kukatwa na kuungwa, kizingiti kilichoinuliwa kwa saruji baadaye, mifuko ya mchanga iliyosahaulika nyuma ya banda la kuku.

Na tumia wapangaji. Watu huwaona kama mzigo unaokuja na nyumba, kumbe ndio mashahidi wako bora. Nenda siku nyingine, jioni, bila dalali na bila mwenye nyumba, na kilo ya sukari mkononi. Usiulize kama nyumba ni nzuri. Uliza, "Mama, mvua ikinyesha ndoo mnatega wapi?" Ukiuliza hivyo, mtu ananyoosha kidole kabla hajafikiri. Uliza maji ya bomba hutoka siku zipi, shimo la choo lilinyonywa lini mara ya mwisho, na kama kuna kisima, onja maji yake mwenyewe, maana visima vingi huku vina chumvi. Kisha uliza kodi wamelipa mpaka mwezi gani. Wapangaji wa hapa hulipa miezi sita au mwaka mbele. Ukinunua bila kujua, pesa hiyo imeshaliwa na muuzaji na wewe utakaa nao bure mpaka iishe, kwa kuwa mkataba wao hauvunjiki kwa sababu nyumba imebadili mmiliki. Hilo liingie kwenye bei, au muuzaji akukabidhi nyumba ikiwa tupu.

Madeni madogo yasikusumbue sana, ila yajue. Mita ya LUKU iko kwa jina la nani, na kodi ya majengo inayokatwa humo imelimbikizwa kiasi gani: nunua umeme wa elfu tano mbele yao uone mnapata uniti ngapi. Bili ya maji ya MTUWASA, omba ya mwezi huu.

Kuhusu mtu wa Dar na minada ya korosho. Ni kweli kwamba korosho zikianza kulipwa pesa inaonekana mjini, na nyumba chache huuzwa kwa bei ya msimu. Lakini mtu wa Dar nimekuwa nikimsikia tangu nianze kazi hii, na hajawahi kupungukiwa hamu. Kule Lindi amebadilishwa jina, anaitwa "mradi wa gesi wa Likong'o", utauza mara tano ya ulichonunulia. Nunua nyumba kwa thamani yake ya leo. Nyumba yenye mirathi isiyokamilika haina haki ya kumharakisha mtu, na huyo wa Dar akija ataulizwa na wakili wake maswali haya haya niliyokuandikia.

Ukiona kweli unaitaka na unaogopa kuipoteza, toa kishika nafasi kidogo, ambacho kikipotea hakitakunyima usingizi, laki chache, wala siyo milioni 5. Kiandikiwe karatasi mbele ya wakili wako, wewe ndiye umchague, si wakili wa dalali: kwamba kinarudishwa chote kama hati ya uteuzi wa msimamizi haitaletwa kwa tarehe fulani, au jalada la ardhi likionyesha jina au kiwanja tofauti. Pesa yote ipitie benki. Mauziano ya ardhi ambayo hayako kwenye maandishi hayana nguvu mahakamani, kwa hiyo kuaminiana kwa mdomo waachieni wanaouziana kuku.

Watakuja na ombi moja ambalo litaonekana dogo: tuandike kwenye mkataba milioni 20, ili kodi ya ongezeko la mtaji iwe ndogo. Kodi hiyo ni ya muuzaji, kwa kawaida asilimia 10 ya faida yake, wala faida hiyo hukuipata wewe. Ukikubali, umeshiriki udanganyifu, na siku mauziano yakivunjwa mahakamani utarudishiwa ulichoandika. Mkataba utaje pia nani analipa nini: ushuru wa stempu, uthamini, ada za uhamisho. Na ukiambiwa serikali ya mtaa inachukua asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia, omba kwa upole kuonyeshwa sheria ndogo inayosema hivyo na risiti ya serikali. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Hujauliza bei, ila nitasema. Baada ya kukagua, gawa uliyoyaona mafungu mawili. Bati, milango, plasta, gata, nyaya za umeme, hata msingi ulioanza kuliwa na maji, vyote hivyo muite fundi avipigie hesabu, kisha toa kwenye milioni 42 bila aibu. Fungu la pili halina hesabu: warithi wasiokubaliana, kiwanja kisicho chao, hifadhi ya barabara, nguzo zilizooza nondo, mto wa msimu unaopita sebuleni. Hata wakikushushia mpaka milioni 25, hilo fungu la pili linabaki pale pale.

Anza Jumatatu na mahakama, kwa sababu ni bure kuuliza. Halafu ardhi. Fundi mlipe baadaye kabisa, karatasi zikiwa zimepita. Na kwa wapangaji wale wa Chuno, nenda kabla hujamwambia dalali chochote.